Shokapu zilizotumika: nikague nini kabla ya kulipa?

Wakuu, shokapu (kifaa cha kupunguza mitikisiko) ya nyuma kulia ya pikipiki yangu inavuja mafuta. Nikivuka tuta, pikipiki inadunda mara tatu ndipo itulie. Nimepata jozi iliyotumika pamoja na mabomba mawili ya foki ya mbele (uma unaoshika gurudumu la mbele). Muuzaji anasema "ziko safi". Nampakia mama kila wiki kwenda kliniki, sitaki kubahatisha.

Jibu 1
Ndugu, ikandamize kwa uzito wa mwili, kisha achia. Ikiruka juu ghafla kama springi tupu, imekufa. Nzima hurudi taratibu. Fimbo ya kromu ikiwa na mafuta, achana nayo. Pima pia urefu, tundu la boliti la juu hadi la chini, ulinganishe na yako ya zamani.

Jibu 2
Mimi naogopa zaidi hayo mabomba. Yaviringishe juu ya kioo bapa: mwanga ukipenya chini na kupotea kila linapozunguka, limepinda, labda kwa ajali. Angalia na kutu yenye vishimo pale sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje) inapopita. Niliwahi kupuuza vishimo vitatu vidogo tu, nikabadilisha sili mara mbili na bado ikavuja.

Muuliza swali
Asanteni sana. Nimeyaviringisha leo, moja limepinda. Nachukua shokapu peke yake, zote mbili.