Baharia anamwambiaje nahodha "tusubiri"? Naomba ushauri

Assalaam aleikum wanakikundi, poleni na majukumu.

Chama chetu cha maboti hapa Lamu kimenipa kazi ya kuwaelimisha manahodha na mabaharia wa safari za Mokowe, ng'ambo ya bara, kuhusu sababu za kibinadamu katika usalama: uchovu, kelele za mashine, haraka, mazoea, hata chombo kilivyopangwa. Hilo la mwisho lilieleweka upesi. Jaketi za kuokolea zikifungwa chini ya mizigo ya abiria, umakini wa nahodha hausaidii kitu.

Nimekwama kwenye somo la kusema, yaani mdogo kumwambia mkubwa akiona hatari. Niliwapa mfano wa uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Uhispania, 1977, ndege mbili zilipogongana kwenye ukungu wakafa watu 583. Injinia wa ndege iliyokuwa ikianza kuruka aliuliza kama ile nyingine imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Rubani mkuu akasema imetoka, wakaendelea. Mzee mmoja akanijibu: "Hao Wazungu, mwanangu. Hapa kijana hamkosoi nahodha." Vijana wakainamisha vichwa. Na kweli, nahodha mara nyingi ni ami yake huyo kijana.

Nimejaribu kukaa na vijana peke yao, wakamwaga yote: mafuta kidogo, abiria kuzidi, usiku bila taa. Nikiwachanganya na wazee, kimya.

Kwa mliowahi kufundisha mabaharia au hata wauguzi: mdogo atumie maneno gani kumzuia mkubwa bila kuonekana hana adabu? Na je, nianze na manahodha wenyewe, wao ndio watoe ruhusa ya kuulizwa?