Mjadala: Tuvuke Holili na Namanga kwa kitambulisho cha taifa, au tubaki na pasipoti?

Wakuu, salaam. Naleta hoja mezani: Tanzania ikubali Watanzania na Wakenya wavukie mpaka kwa kitambulisho cha taifa tu, kama Kenya, Uganda na Rwanda wanavyofanya baina yao tangu 2014. Mimi nasema ikubali, tena mapema. Niko Moshi, familia yetu inafanya biashara ya nafaka Himo, na mpaka wa Holili naujua kwa sababu mkate wetu unapita pale.

Najua upepo ulikovuma tangu Julai 2025, serikali yetu ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, kuanzia saluni na ufundi simu hadi uongozaji watalii na ununuzi wa mazao shambani. Kenya ililalamika, na huku kwetu vijiweni wengi walishangilia. Tangu hapo ukitaja Mkenya na mpaka katika sentensi moja, unaambiwa unauza nchi. Kwa hiyo naandika nikijua nitapingwa, na naomba nipingwe kwa hoja.

Serikali mbili hizi zimefanya mengi, tusiwanyime haki yao. Barabara ya Arusha–Namanga–Athi River imejengwa, na anayekumbuka ile ya zamani anajua tofauti. Vituo vya pamoja vya mpakani vipo, cha Holili na Taveta tangu 2016, cha Namanga kilichofunguliwa na Rais Magufuli na Rais Kenyatta Desemba 2018. Njia ya umeme ya kilovolti 400 inatoka Isinya, Kenya, inapita Arusha hadi Singida, na iliwashwa mwishoni mwa 2024. Rais Samia aliposema Machi 2025, akiwa hapa hapa Kilimanjaro, kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa kuwa ule wa kusini unapotea mwingi njiani, watu walimshambulia sana. Mimi niliona ana hoja. Umeme ukitoka karibu, ununue karibu.

Lami ipo, nyaya zipo, majengo yapo. Mtu mwenyewe wa mpakani ndiye aliyeachwa nyuma.

Mchukue mama wa Rombo au wa Holili mwenye magunia mawili ya maharage. Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, anajaziwa pale pale mpakani cheti rahisi cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, na halipi ushuru wa forodha. Mzigo wake una haki ya kupita. Yeye mwenyewe sasa: aonyeshe pasipoti ya shilingi 150,000, au akatafute hati ya safari ya muda. Mama anayezungusha mtaji wa laki mbili au tatu hawezi kuifunga nusu ya mtaji kwenye kijitabu. Anachofanya kila mtu wa huku anakijua. Anamwita kijana wa bodaboda, gunia moja linalazwa mbele juu ya tangi, la pili linafungwa nyuma kwa mpira, wanakata vichakani kwa njia ya panya. Huko kuna wa kupewa chochote kitu. Akikamatwa, maharage yale yale yaliyokuwa na haki ya kupita bila ushuru yanaitwa magendo na yanataifishwa. Asipokamatwa, anauza Taveta bila karatasi yoyote, na dalali akimdhulumu hana pa kushtaki.

Hapo ndipo ninaposimamia. Karatasi ya mtu ikikosekana, hata biashara halali inageuka ya wizi. Tunapoteza takwimu na mapato, mama anapoteza mzigo, na anayenufaika ni anayesubiri vichakani.

Upande wa utamaduni nitasema kidogo, kwa sababu hauhitaji kutetewa. Wamaasai wa Ilkisongo wako Longido na Monduli, na ng'ambo wako Loitokitok. Rika ni moja, sherehe zinawahusu wote, mjomba yuko huku na mpwa yuko kule. Wataveta wana ndugu pande zote mbili. Mei 2021, Rais Samia alipokwenda Nairobi, zilisainiwa hati mbili, moja ya bomba la gesi na nyingine ya ushirikiano wa utamaduni na sanaa. Nilifurahi. Lakini utamaduni wa watu hawa ni kwenda msibani, kupeleka mahari, kumwona mgonjwa, na mambo hayo hayasubiri foleni ya pasipoti. Hati ya utamaduni isiyogusa namna ya kuvuka inawafaa zaidi wasanii wa jukwaani kuliko wenye utamaduni wenyewe.

Sasa nijibu michango iliyokwisha kuletwa.

Ndugu yangu wa Njiro ameandika kwamba kitambulisho kikikubaliwa, Wakenya watamaliza ardhi yetu. Hofu hii naiheshimu, ardhi ndiyo iliyotushikilia. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inasema katika ibara ya 15 kwamba suala la ardhi litabaki chini ya sera na sheria za kila nchi. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kuvuka Holili kwa kitambulisho hakumpi mtu hata hatua moja ya shamba. Anayechukua ardhi kinyemela anaandikisha kwa jina la Mtanzania aliyekubali kutumika, na huyo anaweza kuwa na pasipoti tatu, haitamzuia.

Dada mmoja ameleta suala la ajira: walimu wa Kenya kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza, mameneja wa hoteli, na kampuni za utalii. Walimu na mameneja ni habari ya kibali cha kazi, na kibali kinabaki palepale. Kuingia nchini si kuajiriwa.

Kwa utalii nakwenda naye taratibu, kwa sababu hapo Arusha ina kidonda cha kweli. Makubaliano ya 1985 kati ya nchi hizi yaliweka kwamba magari ya watalii ya Kenya hayaingii kwenye hifadhi zetu. Watalii wanabadilishiwa gari mpakani au mjini, na sisi vivyo hivyo kwao. Lango la Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, limefungwa kwa watalii tangu 1977. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari yetu kuchukua wageni uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ikachukua miezi kulegeza. Dereva wa Arusha aliyezuiwa pale na mgeni wake kukabidhiwa kwa mwingine ana haki ya kuwa na uchungu. Siombi lango lifunguliwe wala makubaliano yale yafutwe kupitia mlango wa nyuma. Naomba tusimfanye mama wa maharage alipie ugomvi wa magari ya watalii.

Mwingine kasema usalama. Ndugu, anayepita njia ya panya leo hakuna aliyeandika jina lake. Akipita dirishani na kitambulisho chenye alama za vidole, jina lake na saa aliyopita vinabaki. Hapa sioni hata ubishi uko wapi.

Hoja iliyonisumbua ni ya kijana wa Pasua: Watanzania wengi wana namba ya NIDA tu, kadi hawana. Ni kweli, na Mkenya mwenye kadi yake mfukoni atavuka wakati sisi tumesimama tunaangalia. Kwa hilo napendekeza tuanze na wilaya za mpakani. Wenye makazi Rombo, Moshi Vijijini, Mwanga, Longido na Ngorongoro wapewe kadi kwanza, na upande wa pili Taveta na Kajiado. Tujaribu Holili, Tarakea na Namanga kwa kipindi kinachojulikana, tuhesabu waliovuka na mizigo iliyoandikishwa, halafu tuamue nchi nzima. Wala mkataba mpya hauhitajiki. Ibara ya 9 ya itifaki ile ile inaziruhusu nchi zinazokubaliana kutumia vitambulisho vya kielektroniki kama hati za kusafiria. Ni uamuzi wetu tu.

Kuna mzee hapa ametukumbusha 1977, jumuiya ya zamani ilipovunjika na Tanzania ikafunga mpaka mwezi Februari, ukafunguliwa Novemba 1983 baada ya mgawanyo wa mali kukubaliwa Arusha, chini ya usuluhishi wa Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi. Yeye anaitumia kama onyo: tuliwaamini, ikatugharimu. Mzee wangu, shikamoo. Mimi naisoma tofauti. Karibu miaka saba ile, waliogombania ndege na reli walikuwa serikali, waliokosa kuzikana walikuwa watu wa Tarakea na Loitokitok. Na mtindo huo umeendelea. Mwaka 2017 ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya walipigwa mnada huku, na vifaranga 6,400 vikateketezwa Namanga. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu. Marais wakikaa vizuri mlango unafunguka, wakinuniana unafungwa, na mfanyabiashara wa Himo anabaki na lori limejaa mahindi. Ndiyo maana nataka haki ya kuvuka iandikwe, isitegemee hisani ya mkubwa.

Kipimo kiko karibu. AFCON ya 2027 tunaandaa sisi, Kenya na Uganda, na uwanja unajengwa Arusha. Mashabiki wa Nairobi watateremka kwa barabara ya Namanga kwa maelfu. Tukiweza kuwarahisishia wao kwa mwezi mmoja wa mpira, tueleze kwa nini hatuwezi kwa muuza maharage wa mwaka mzima.

Wa Namanga na Longido bado sijawasikia. Leteni ya kwenu, hasa wafugaji, maana ng'ombe akifuata maji ng'ambo wakati wa kiangazi kitambulisho cha mwenyewe hakitoshi, na hilo la mifugo sijaona pendekezo la mtu yeyote linaloligusa, langu likiwemo.