Tupeane uzoefu: video za ngono zimefanya nini nyumbani mwenu?

Mama wa Himbi, Goma

Wapendwa, salamu kutoka Goma. Mimi na bwana wangu tunasaidia wachumba wanaojiandaa kwa ndoa parokiani kwetu. Zamani maswali yao yalikuwa mahari, wakwe, na nani atashika pesa. Siku hizi karibu kila kundi lina binti anayesubiri wenzake watoke, halafu ananiuliza kwa sauti ya chini: mchumba wangu anaangalia video za ngono, akishanioa ataacha?

Nina mawazo yangu. Naona kwamba siri ndiyo inayokula nyumba nyingi, na aibu inayomfanya mtu akimbilie simu wakati mwenzake amelala pembeni yake. Lakini sitaki kumjibu binti wa watu kwa mawazo yangu peke yangu. Semeni yaliyowakuta. Msitaje majina, msiweke link, msielezee picha. Na haya si ya Wakatoliki tu, kila mtu karibu.

Mama wa Ndosho, Goma

Bwana wangu alikuwa na kazi ya ofisi hapa mjini. Mwanzoni mwa 2025 vita vilipoingia Goma, benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafungwa, na kazi yake ikaishia hapo. Mimi nikaanza biashara: alfajiri niko Kituku nangoja mitumbwi ya Idjwi, jioni ndiyo narudi.

Usiku nikiamka namkuta saloni, amegeukia ukuta, simu inamwangaza uso. Nilisema huyu ana mwanamke. Kilichonishangaza ni mega za intaneti. Nanunua asubuhi, jioni zimekwisha, na hakuna mtu aliyempigia wala kumwandikia. Na mimi hanigusi. Nikaanza kujichukia, nikasema labda ni harufu ya samaki, naoga mara mbili kabla ya kulala.

Siku moja nikachukua simu yake nimpigie mama mkwe, nikaona. Niliirudisha pale pale. Watoto walikuwa macho, sikupiga kelele. Nikaenda kwa yaya wake (ndugu yake mkubwa), yule anayemheshimu, wakakaa wawili nje ya paseli hadi giza likaingia. Baadaye bwana wangu akaja kuniambia mwenyewe: «Wewe ukiniangalia, najiona mtu asiyeleta unga. Simu hainiulizi kitu.»

Dada zangu, nililia. Hasira haijaisha, nisiwadanganye, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nachoka na ni mimi niliyekuwa najiona mbaya. Lakini angalau nilijua napigana na nini. Sasa asubuhi ananisaidia kushusha mizigo Kituku, na usiku simu zote mbili, yake na yangu, zinalala kabatini pamoja na sahani. Hatujawa kama zamani. Tunaongea.

Shofa, Lubumbashi

Mama wa Ndosho, umenigusa. Mimi naendesha lori. Wanaojua mpaka wa Kasumbalesa wanajua ile foleni, unalala kwenye kabini ukingoja karatasi zipite. Huko ndiko nilikozoea. Kwanza ilikuwa kupitisha wakati, mwishowe usingizi hauji bila kuangalia. Nikifika nyumbani, mwili unagoma kwa bibi (mke wangu), na kwa simu unafanya kazi. Nikanunua vidonge vya nguvu vya barabarani. Moyo ulienda mbio hadi nikadhani nakufa.

Muuguzi mmoja aliniuliza: ukiwa peke yako mwili unaamka? Nikasema ndiyo. Akaniambia basi tuanze na kichwa na simu. Sasa simu kubwa inabaki kwa bibi, barabarani nabeba ya vibonyezo. Mwanzo ulikuwa mgumu sana, hasira kwa kila mtu, usingizi hakuna. Mwili umeanza kurudi polepole, na aliyegundua kwanza ni bibi.

Dada wa Bel-Air, Lubumbashi

Nitasema tofauti kidogo. Mimi na bwana wangu tulikuwa tunaangalia pamoja, tumekubaliana, hakuna aliyefichwa. Tukachoka, tukaacha. Msimfanye kila anayeangalia kuwa mgonjwa.

Muuguzi wa Ibanda, Bukavu

Dada wa Bel-Air ana haki. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika 2022, linatambua tatizo la mtu kushindwa kuzuia tabia zake za ngono. Huhesabiwa pale mtu anapojaribu kuacha anashindwa, kwa miezi 6 au zaidi, na kazi, afya au familia vinaharibika. Kujisikia mwenye dhambi peke yake hakutoshi kuitwa ugonjwa. Nalisema hili kwa sababu vijana wanakuja kwangu wamekonda kwa woga, kumbe hawana ugonjwa wowote.

Kuhusu ndoa, huko Marekani mtafiti Samuel Perry na mwenzake walichunguza takwimu za watu waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliokuwa katika ndoa na wakaanza kuangalia pono, uwezekano wao wa kuachana ulikuwa karibu mara 2: kutoka asilimia 6 hadi 11. Kilichotangulia ni pono au ni ndoa iliyokwisha kuyumba, namba hizo hazimalizi ubishi. Kwa hadithi ya Mama wa Ndosho, naona vyote viwili vikivutana.

Ninachokiona kazini mimi mwenyewe ni wanawake wanaokuja na maumivu kwa sababu bwana alitaka alichokiona kwenye simu, tena bila kuuliza. Ile video imekatwa na kuungwa. Mapumziko hayaonyeshwi, dawa alizomeza mwanaume hazionyeshwi, na kama yule mwanamke alikubali au alilazimishwa, wewe huwezi kujua. Halafu mtu anataka bibi yake aliyetoka kulima awe vile!

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu

Langu ni la shule, sitaitaja. Video ya msichana wa sekondari ilizunguka. Aliyemrekodi ni mvulana aliyekuwa rafiki yake. Wanafunzi walipitishiana kwa Bluetooth wakati wa mapumziko, hata mega hawakuhitaji.

Tulipoitwa kikao, ajenda ya kwanza ilikuwa kumfukuza msichana. Mvulana hakutajwa. Mama mmoja wa kamati ya wazazi akasimama. Alisema huyu ni mtoto, na Kongo ina sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, inayomwadhibu anayetengeneza na anayesambaza picha kama hizo. Kisha akauliza ni nani humu ndani anayo kwenye simu yake. Ukumbi ulinyamaza. Nikaona wenzangu wawili, walimu, wanaingiza mkono mfukoni taratibu.

Msichana hakufukuzwa, lakini masomo yalimshinda kwa kucheka kwa wenzake, akapelekwa kwa shangazi yake Uvira. Mvulana alimaliza mwaka. Hilo linaniuma hadi leo.

Mjue hili: kwa picha zilizopigwa mtu akiwa hajafika miaka 18 kuna huduma ya bure kwenye intaneti, Take It Down, kwa watu wazima kuna StopNCII. Simu yako inatengeneza alama ya ile picha, picha yenyewe haitumwi, na majukwaa yaliyojiunga yanaitafuta alama hiyo na kuizuia. Ujumbe wa WhatsApp haufikiwi namna hiyo, kwa hiyo ukitumiwa, mnyororo ukatike kwako. Usimpelekee mwingine eti «tazama mambo ya dunia».

Papa wa Katindo, Goma

Kwa wenye watoto. Mtoto wetu wa miaka 9 hakutafuta kitu. Mtu alirusha video katika kundi la WhatsApp la ukoo, ikajishusha yenyewe kwenye picha za simu, katikati ya picha za ubatizo. Zima kushusha kwa otomatiki katika mipangilio ya WhatsApp. Halafu kwenye Android (toleo la 9 kwenda juu) ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya simu, tafuta palipoandikwa «DNS privé», uandike family.cloudflare-dns.com. Kurasa nyingi za ngono hazitafunguka. Kijana mjanja atatumia VPN (programu ya kukwepa kizuizi hicho), najua. Kwa hiyo mimi na mama yake tulikaa naye tukamwambia: ukiona kitu kinachokutisha, utuletee, hutapigwa. Ameshaleta mara moja.

Binti wa Mabanga, Goma

Mchumba wangu alitaka turekodi. Nikakataa. Akasema wengine wote wanafanya, akanitumia video za kunishawishi. Nikamwambia wazazi wangu hawatapokea mahari yake. Shangazi yangu ananilaumu kwamba nimeacha mtu mwenye kazi. Mama yangu hajasema kitu, ila amerudisha ile pesa ya utangulizi bila kuniuliza.

Shofa, Lubumbashi

Muuguzi, samahani, swali. Nina presha, namezea dawa. Vile vidonge vya nguvu nimebaki navyo vichache. Nivitupe?

Muuguzi wa Ibanda, Bukavu

Vitupe leo, kaka. Vya barabarani hatujui kilichomo, na vingine vikikutana na dawa za moyo vinashusha presha ghafla, mtu anaanguka. Ukirudi Lubumbashi nenda kituo cha afya upime presha na sukari pia, maana kisukari nacho humfanya mwanaume ashindwe, na simu ikapewa lawama isiyo yake. Nenda na bibi yako, msikie pamoja.