Toyota IST (U340E) inateleza kuingia gia ya 3: oili tu, kufungua giaboksi, au kununua ya mtumba?

Kiti_cha_Mbele
Habari wakuu. Gari ni IST ya 2004, injini 2NZ, giaboksi U340E, kilomita 186,000. Gia ya 1 kwenda ya 2 inaingia safi. Ikitoka 2 kwenda 3, mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unaruka kutoka 2,200 hadi kama 3,400, mwendo hauongezeki, halafu inashika kwa kishindo. Asubuhi ni afadhali, ikipata moto inazidi. Taa ya injini haijawaka. Mafundi wamegawanyika: mmoja anasema badili oili na filta, wa pili anasema shusha giaboksi ubadili klachi pleti, wa tatu anasema tafuta ya mtumba kutoka Japani ufunge. Ipi ina mantiki kwa dalili hizi?

Spana_Kumi
Mkuu, wote watatu wanaweza kuwa sahihi au kukosea, kwa sababu hakuna aliyepima. Anza na usawa wa oili ya giaboksi, na upimwe inavyotakiwa. Endesha mpaka oili ifike nyuzi 70 hadi 80, egesha pahali tambarare, acha injini iungurume. Kanyaga breki, pitisha leva kutoka P hadi L na kurudi P, kila nafasi sekunde mbili tatu. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, chovya tena, soma upande wa alama ya HOT (oili ya moto). Ukipima injini ikiwa imezimwa unadanganyika, maana sehemu ya oili inashuka kwenye sampu (trei ya oili chini ya giaboksi) na usawa unaonekana uko juu.

Ikiwa pungufu, pampu inavuta hewa. Hewa inabonyea, oili haibonyei, kwa hiyo klachi inasukumwa kinyonge na inateleza. Ikizidi nayo ni balaa: gia zinaipiga mpaka inatoa povu, na unarudi kulekule kwenye hewa.

Kisha dondosha matone mawili kwenye tishu nyeupe. Nyekundu au kahawia nyepesi, sawa. Kahawia iliyoiva yenye harufu ya mkate ulioungua, kuna pleti imeungua. Ikiwa kama mtindi wa waridi, kipoza oili kilicho ndani ya rejeta kimetoboka na maji yameingia. Hapo usiendeshe tena, maji yanabandua karatasi ya msuguano kwenye pleti.

Valvu_Bodi
Naongezea vipimo viwili visivyohitaji kufungua chochote.

Cha kwanza, muda wa kuingia gia. Oili ya moto, hendibreki juu, toka N kwenda D huku saa ya sekunde ikihesabu mpaka usikie gari limeshika. Toyota wanataka chini ya sekunde 1.2. N kwenda R chini ya 1.5. Rudia mara tatu, pumzisha dakika moja kila mara, chukua wastani.

Cha pili ni kuikaba. Weka vizuizi kwenye matairi yote manne, hendibreki, mguu wa kushoto ukandamize breki hasa, ingiza D, kanyaga mafuta mpaka chini, soma rpm inapogoma kupanda, achia. Isizidi sekunde 5, kwa sababu nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi). Rudisha N, acha iungurume dakika moja, fanya kwa R. Rpm ikipita kiwango kwenye D na R zote, tatizo ni la presha ya jumla: oili pungufu, filta imeziba, pampu, au solenoidi ya SLT inayosimamia presha. Ikipita kwenye D peke yake, tazama C1, klachi ya kwenda mbele. Ikiwa chini mno, injini haina nguvu au klachi ya njia moja (inayozunguka upande mmoja tu) ndani ya konvata imekufa. Kama oili tayari inanuka kuungua, ruka kipimo hiki. Utaimalizia.

Na taa kutowaka si ushahidi. Chomeka skana uone kama kuna kodi za kosa P0730 hadi P0734 za uwiano wa gia zimehifadhiwa, au P0741 ya klachi ya konvata.

Mama_Probox
Naomba kuuliza, mtelezo wa konvata na wa pleti mnautofautishaje? Kwa dereva vyote vinaonekana rpm imepanda.

Valvu_Bodi
Swali zuri dada. Kama skana inaonyesha data zinazotembea, tafuta NT, ambayo ni kasi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi baada ya konvata. Injini iko juu, NT iko chini: pengo ni la konvata. NT yenyewe ikiruka wakati mwendo wa gari haubadiliki, pleti ndizo zinateleza.

Bila skana, nenda mwendo wa kama 80 usiobadilika kwenye tambarare, mafuta yaleyale, gusa breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto. Kama klachi ya konvata ilikuwa imefunga, itafunguka, rpm itapanda mia kadhaa na kushuka tena ukiachia. Isipobadilika kabisa, haikuwa imefunga. Kumbuka klachi ya konvata kutofunga kunakula mafuta na kuchemsha oili, ila hakuleti kishindo cha 2 kwenda 3.

Gereji_ya_Kona
Turudi kwa mwenye gari, maana U340E inasomeka vizuri ukijua nani anashika wapi (C ni klachi, B ni breki za ndani ya giaboksi, F ni klachi za njia moja):

Gia ya 1: C1 na klachi ya njia moja F2
Gia ya 2: C1, B2 na F1
Gia ya 3: C1 na C2
Gia ya 4: C2 na B1
Rivasi: C3 na B3

Gia ya 1 na 2 ni safi, basi C1 ni nzima. Anayeingia mpya kwenye 3 ni C2. Jaribu gia ya 4 kwa kuongeza mafuta kwenye mwinuko mdogo: ikiteleza nayo huku rivasi ikivuta vizuri, C2 imekubali kosa. Na sababu ya kuzidi ikipata moto ni kwamba oili moto ni nyepesi, inapenya kirahisi kwenye sili za mpira zilizokakamaa na pete zilizolika, presha inavuja kabla ya kufika kwenye pistoni.

(Kwa wengine: ikiteleza gia ya 1 ukiwa D lakini ukiweka L inavuta, F2 ndiyo mgonjwa, kwa sababu L inaongeza B3.)

Chuma_Chakavu
Kwa maoni yangu oili ibadilishwe kwanza, ni nafuu kuliko yote. Ila isiwe kwa mashine ya kusukuma kwa presha. Sampu inatoa kama lita 3 kati ya lita karibu 7, kwa hiyo mara moja unapata oili mpya asilimia 44 hivi. Rudia mara mbili zaidi, ukiendesha siku chache katikati, unafika kama asilimia 82. Jumla lita 9. Mwaga, pima ulichomwaga kwenye chupa zenye alama, rudisha kiasi hichohicho.

Awamu ya kwanza shusha sampu, weka filta na gasketi mpya. Bolti za sampu ni za kichwa cha 10, ndogo sana, 7 hadi 8 Nm zinatosha. Anayekaza kwa nguvu ya mkono mzima anakata meno ya alumini. Angalia sumaku: tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vya rangi ya shaba ni bushi. Vibanzi vya chuma vinavyochoma kidole ni beringi au gia. Masizi meusi ya karatasi ni pleti.

Aina ya oili: IST hii ni T-IV, yaani JWS 3309. WS, oili nyingine ya Toyota, ni nyepesi zaidi, Toyota hawataki vichanganywe. Ile "hydraulic nyekundu" ya kupimiwa kwa chupa ya maji iacheni dukani.

Spana_Kumi
Hapo tunatofautiana kidogo, mkuu. Oili mpya inaondoa ugumu wa valvu na kuchelewa kuingia gia, haioteshi karatasi kwenye pleti iliyobaki chuma. Ndipo watu husema "nilibadili oili giaboksi ikafa". Ilikuwa imeshakufa, oili chafu ilikuwa inaichelewesha kuzikwa.

Mama_Probox
Na zile dawa za chupa za kuzuia kuteleza?

Spana_Kumi
Nyingi zinalainisha mipira ya sili ili itanuke. Sili iliyokakamaa kidogo unaweza kupata nafuu ya muda. Pleti iliyoungua, hakuna kitu. Na CVT (giaboksi ya mkanda na puli, isiyo na gia za ngazi) usiiguse nayo kabisa. Mkanda wa chuma unashika puli kwa sifa ya oili yenyewe. Nissan ya CVT inayotumia oili ya NS-2 au NS-3 ukiitilia ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya kawaida, umenunua giaboksi.

Kiti_cha_Mbele
Nimepima. Usawa uko katikati ya HOT, rangi kahawia iliyoiva, inanuka kuungua. N-D sekunde 1.0, N-R 1.2. Gia ya 4 inateleza pia, rivasi inavuta. Skana imetoa P0733. Kuikaba sijafanya.

Gereji_ya_Kona
Umefanya vizuri kutokaba. P0733 ni uwiano wa gia ya 3. Presha ya jumla ingekuwa imeshuka, D na R zingechelewa. Ni C2, na harufu inasema imeshaungua, kwa hiyo oili peke yake ni kupoteza lita 9.

Kati ya kufungua na mtumba, kwa kosa lililojulikana namba yake mimi nafungua. Seti kamili ya vipuri, si pleti za C2 peke yake: sili zote, o-ringi, pete za kuzibia oili zinazolisha ngoma ya C2, pistoni ikaguliwe midomo yake ya mpira. Pleti za chuma zilizogeuka bluu au kupinda zitupwe. Pleti mpya za karatasi zilowe kwenye T-IV angalau saa 2 kabla ya kufungwa. Ngoma ikishafungwa, puliza hewa ya kama kPa 392 kwenye tundu lake: pistoni isukume na isivujishe. Usiache valvu bodi (kizibo chenye valvu zinazogawa presha ya oili) bila kuoshwa, masizi ya C2 yako humo.

Chuma_Chakavu
Kama hapo ulipo hakuna fundi mwenye kipimo cha nafasi ya pleti, mtumba ni salama kuliko kufunguliwa kwa kubahatisha. Lakini linganisha kibati cha namba, uwiano wa difu usitofautiane. Fungua sampu yake palepale dukani kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, hama duka.

Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili: osha kipoza na mabomba yake, uchafu wa zamani usirudi kwenye giaboksi. Na konvata isukumwe huku ikizungushwa mpaka iingie yote kwenye pampu. Fundi akikaza bolti za giaboksi ili "aivute" iingie, pampu inapasuka siku hiyohiyo.

Kiti_cha_Mbele
Nafungua. Ninunue lita ngapi?

Gereji_ya_Kona
Nunua 8. Jaza 4 kabla ya kuwasha, washa na uongeze 1 ikiwa inaunguruma, pitisha leva kote, kisha ongeza kidogokidogo hadi alama ya COLD. Ikipata moto malizia kwa HOT. Kilomita 1,000 baadaye mwaga sampu tena, hizo 3 ununue wakati huo.