Viwavijeshi vamizi: dawa za bei nafuu ziendelee kuuzwa?

MLETA MADA: Wakuu, duka la pembejeo huanza na swali la hela. Mwenye kidogo anapewa dawa ya wadudu ya jamii ya pairethroidi, iwe saipamethrini au lambda-sihalothrini. Mwenye nazo anapewa emamektini, dawa ya jamii nyingine. Mimi nasema kwa viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, pairethroidi peke yake isiuzwe. Mdudu huyu alibainika Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa keshafika Tanzania na Kenya. Kwao, mabara ya Amerika, usugu wake kwa pairethroidi unajulikana siku nyingi. Halafu dawa hiyo hubaki juu ya jani wakati kiwavi yuko ndani ya kiini cha mche, kule majani machanga yanakochomoza, amejiziba na mavi yake. Inaishia kuua nyigu na buibui waliokuwa wanatusaidia. Emamektini huingia ndani ya jani; kiwavi akitafuna anaacha kula, anapooza, siku chache kafa.

MUUZA PEMBEJEO: Mkuu, taratibu. Kuna viwavijeshi wetu wa siku zote, wanaotembea makundi kwa makundi na kula nyasi, mtama na mpunga. Wale wako wazi, pairethroidi inawamaliza. Ukiitoa dukani, msimu wao nimuuzie mtu nini? Na hao vamizi, mteja anakuja kiwavi keshakuwa mnene, yuko kwenye kiini. Hapo hata hiyo emamektini yako inahangaika. Angekuja mapema, wakiwa wadogo bado wanakwangua jani, tusingebishana.

MKULIMA WA MBOZI: Nyote mnasahau bei. Mahindi ya kula nyumbani nipulize emamektini mara tatu, nitabaki na nini? Sisi tunapita asubuhi tunaponda mayai, kisha majivu kwenye kiini.

MLETA MADA: Kwa nusu ekari sawa kabisa. Kwa ekari kumi utapata wapi mikono? Muuzaji, hoja ya mpunga naipokea, ndiyo maana nilisema mahindi.

MUUZA PEMBEJEO: Sasa hapo nani atamsimamia mteja akishatoka dukani? Kinachonitisha mimi ni kingine. Watu wanabadilisha kopo wakidhani wamebadilisha dawa. Majina matatu, rangi tatu, ukisoma kibandiko ni emamektini ileile. Wakiendelea hivyo kila msimu, nayo itazoeleka. Aliyepuliza emamektini sasa, kizazi kijacho cha viwavi akipulizie dawa ya jamii tofauti: klorantraniliproli, au spinetoramu akiipata.

MKULIMA WA MBOZI: Klorantraniliproli dukani kwako shilingi ngapi?