Kalibreta ya skrini au lenzi ya 85mm: kipi kwanza kwa rangi sahihi ya ngozi?

kivuli85
Wakuu, naomba ulinganisho. Kamera ni Canon ya APS-C (yenye sensa ndogo), lenzi ni ile 18-55mm iliyokuja nayo. Kazi ni picha za nusu mwili za harusi na sendofu, wateja wengi weusi au maji ya kunde. Kwenye laptopu sura zinapendeza. Zikishasafishwa zinarudi nyeusi tii, halafu na wekundu wa tofali. Fedha inatosha kitu kimoja: kalibreta (kifaa cha kupima na kurekebisha rangi za skrini), EF 85mm f/1.8, au EF 50mm f/1.8 STM na chenji ibaki. Tuanze na kipi?

FundiRangi
Kalibreta, bila kupepesa macho. Mkuu hapo una magonjwa mawili, tutenganishe. Giza linatokana na mwanga wa skrini. Laptopu nyingi zikifunguliwa mwanga mpaka mwisho hutoa kama 250 hadi 300 cd/m² (kipimo cha mwangaza). Karatasi haina taa ndani yake, kwa hiyo picha uliyoiona inang'aa huko, mkononi inakuwa usiku. Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi, maana tayari inakaa upande wa giza kwenye histogramu (mchoro wa mwanga wa picha), na ukishuka kidogo tu alama za shavu na pua zinamezwa.

Namna ya kufanya: washa skrini dakika 30 kabla. Zima Night Light, True Tone na ule mwanga unaojirekebisha wenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kalibreta inapima saa nane mchana na saa moja jioni skrini inageuka njano. Funga pazia. Laza skrini nyuma kidogo ili kalibreta ilale bapa, isiingize mwanga pembeni. Weka D65 (weupe wa mwanga wa mchana), gama 2.2 (mpando wa kutoka giza hadi mwanga), mwanga cd/m² 100 hadi 120 kwa picha za intaneti, 80 hadi 100 kwa za kusafisha. Programu ya DisplayCAL ni ya bure na inasoma kalibreta nyingi za Datacolor na X-Rite. Mwisho tazama ripoti: wastani wa delta E (kiasi rangi inavyokosea) ukiwa chini ya 2, fanya kazi. Rudia kila mwezi.

mama_picha
Nakubali nusu. Kabla hajanunua chochote aangalie paneli. Laptopu nyingi za bei ya chini zina paneli ya 45% NTSC (kipimo cha wingi wa rangi), ambayo ni karibu theluthi mbili tu ya sRGB, yaani wigo wa rangi wa kawaida wa skrini na intaneti. Nyekundu na chungwa zinapauka, na ngozi yote inaishi humo. Mhariri anaona sura imepooza, anaongeza sachuresheni (ukolezo wa rangi), anaongeza tena. Faili sasa lina wekundu ambao skrini haiwezi kuuonyesha ila karatasi inauonyesha vizuri kabisa. Hiyo ndiyo tofali yako, kivuli85.

Kalibreta haiongezi rangi ambazo paneli haina. Jaribio la haraka: fungua picha ya sura, kisha inua na kushusha kichwa mbele ya skrini. Kivuli cha shingo kikibadilika, hiyo ni paneli ya TN, usihukumu ngozi hapo. Monita ya IPS (paneli isiyobadilika hivyo) yenye sRGB 100%, hata ya mtumba, itakufaa kuliko kalibreta iliyobandikwa kwenye paneli mbovu.

apecha_wazi
Mnaisahau lenzi kabisa. Mwanga wa nyuma ukiingia kwenye lenzi chafu au yenye filta ya UV ya bei poa, unasambaa kama ukungu juu ya picha nzima. Ngozi nyeupe haionyeshi sana. Ngozi nyeusi inapata majivu, weusi unapanda kuwa kijivu na rangi inakufa. Kwa hiyo toa filta, funga hudi (kikinga mwanga cha mbele ya lenzi): ES-68 kwa 50 STM, ET-65III kwa 85mm.

Kati ya hizo lenzi mbili, kwa kamera yako chukua 50. Kwenye APS-C ya Canon inaona kama 80mm ya kamera ya sensa kubwa. Picha ya wima kutoka kiunoni hadi juu ya kichwa, sema sentimita 90, unasimama mita 2. Kwa 85mm unahitaji karibu mita 3 na nusu, na sebule za watu unazijua. Halafu 85 hiyo ikiwa f/1.8 inaweka uzi wa zambarau pale shela jeupe linapokutana na suti nyeusi. Funga tundu la lenzi hadi f/2.8, uzi huo utapungua sana. Ukiufuta kwa programu ya Lightroom chunga usifute na rangi ya kitenge.

FundiRangi
@apecha_wazi ya ukungu nakupa, hiyo haina dawa nzuri baadaye. Lakini tofauti ya rangi yenyewe kati ya lenzi na lenzi ni ndogo, kadi ya kijivu inaifuta kwa mbofyo mmoja. Nani aliyewahi kurudishiwa albamu kwa sababu ya kouting ya lenzi?

Mwenye ColorChecker, kadi ya vibao 24 vya rangi zinazojulikana, ana zaidi. Kibao cha kwanza ni ngozi nyeusi, kwenye sRGB kama 115, 82, 68. Cha pili ngozi nyeupe, 194, 150, 130. Kadi ishikwe usawa wa sura, ielekee taa ile ile. Waiti balansi (marekebisho ya rangi ya mwanga) ichukuliwe kwenye kijivu, msichukue kwenye gauni la bibi harusi. Vitambaa vyeupe vina dawa ya kung'arisha inayotoa ubuluu, ukibofya hapo sura zote zinageuka manjano.

taa_moja
Turubai la kijani juu, balbu za njano pembeni. Ngozi yenye mafuta inaakisi: paji la uso kijani, shingo njano. Hakuna lenzi wala kalibreta ya hapo. Msogeze mtu nje ya turubai, au zima balbu na utumie flashi. LED ziwe CRI (kipimo cha usahihi wa rangi chini ya taa) 95 kwenda juu, na muulize muuzaji thamani ya R9, yaani kipimo cha wekundu. Ikiwa chini, wekundu wa ngozi haupo kwenye mwanga na hutaupata kwenye RAW (faili ghafi la kamera).

kivuli85
Kwa hiyo 50 STM, kadi ya kijivu, na monita ya mtumba ikipatikana. Nitajuaje kosa ni langu au ni la wanaosafisha?

mashine_ya_karatasi
Peleka JPEG ya sRGB. Adobe RGB (wigo mpana zaidi) kwenye mashine nyingi inasomwa kama sRGB na sura inatoka imepauka. Waambie wazime marekebisho ya otomatiki, maana mashine ikiona sura nyeusi na suti nyeusi inadhani picha ina giza, inaipandisha.

Kisha tengeneza faili moja ya sentimita 10 kwa 15: nusu sura, nusu kijivu cha 128, 128, 128. Isafishwe, uitazame dirishani mchana, sio chini ya tyubu. Kijivu kikitoka na wekundu, tatizo ni mashine yao. Kijivu kikitoka safi na sura bado ni tofali, rudi kwenye skrini yako.