Ushauri: nichukue intalinki ya ekseli 7 au nibaki na semi? Njia ni Mufindi–Dar

Mbao_Mbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nisaidieni mawazo kabla sijatumbukiza hela nisipoweza kuitoa.

Nina semi moja (kichwa na tela moja) ya ekseli 6, yaani mihimili sita ya magurudumu, napiga mbao kutoka Mafinga kwenda Dar. Ikiwa tupu ni tani 17, napakia 33. Kuna jamaa anauza tela za intalinki, yaani mbili zinazofuatana nyuma ya kichwa kimoja, ya mbele mita 6, ya nyuma mita 12, kila moja ekseli mbili. Nikizifunga kwenye hosi yangu (kichwa cha lori, ekseli 3) natimiza ekseli 7. Hesabu yake ni hii: ekseli ya usukani tani 8, mbili za difu (zinazosukuma gari) 18, tela ya kwanza 18, ya pili 18, jumla 62. Toa uzito wa gari tani 21, unabaki na 41. Yaani kila safari tani 8 za ziada. Kwa hesabu hiyo deni la tela halifiki mwaka.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine. Mteja wangu mkubwa ana kiwanda cha kupasua mbao huko ndani, kilomita 11 kutoka lami, barabara ya vumbi ya wilaya. Kwa sasa Fuso ndizo zinaleta mbao mpaka barabara kuu, tunahamishia kwenye semi. Anataka gari iingie mpaka getini kwake, na kazi ataniongezea. Njiani kuna daraja dogo, bango lake linasema tani 15. Wenye semi wengine wanalipita usiku. Nimeshuka chini nikaliangalia, zege linaonekana zima.

Waliopita njia hii waseme. Wa kejeli naomba mpumzike leo.

Babu wa Vigwaza

Hiyo 62 utaisoma kwenye karatasi ya muuzaji peke yake. Mizani haijumlishi ekseli ikakuacha uende. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013, ambayo Tanzania inaitumia tangu 2019, imeweka kikomo cha uzito wa gari na mzigo wake: tani 56, ekseli 7. Ukifika hapo basi, hata kama ekseli zako zina nafasi.

Kwa hiyo 56 toa 21 ni 35. Leo unabeba 33. Umeongeza tani 2, siyo 8. Muulize huyo jamaa hizo sita nyingine utazipitishia wapi, maana kutoka Mafinga hadi Dar kuna mizani za Wenda, Mikumi, Mikese na Vigwaza. Zote zina macho.

Mbao_Mbichi

Duh. Babu shikamoo. Tani 2 tu? Mbona barabarani intalinki zimejaa?

Babu wa Vigwaza

Marahaba. Waulize wanabeba nini na wanakwenda wapi.

Dada Lojistiki

Kaka, Babu yuko sahihi kwenye tani, ila faida ya intalinki hajaimaliza. Angalia urefu wa kitanda. Wewe una mita 12 na kitu, yenyewe ina 18. Kwa mzigo mzito usiojaza nafasi, kama saruji au nondo, hutaona tofauti ya maana. Kwa mzigo mwepesi unaojaza gari kabla ya kujaza mizani, unaongeza karibu nusu ya ujazo.

Sasa jibu swali moja: mbao zako ni mbichi au kavu? (Jina lako limeshajibu, lakini nauliza.) Paini iliyotoka kupasuliwa imejaa maji, unafika kwenye tani kabla tela haijajaa. Ikikaushwa, mzigo uleule unapungua uzito sana, ndipo mita 18 zinakulipa. Mimi kwa mbao mbichi nisingenunua hata kwa bei ya kutupa. Kwa mbao kavu ningekaa na mteja tuongee bei ya mita za ujazo badala ya tani.

Kona ya Kitonga

Mimi ni dereva, nisemee usukani. Intalinki ina maungio mawili. Kuirudisha nyuma kwenye uwanja wa kiwanda wenye matope ni shughuli nyingine kabisa, na dereva wako wa semi asikudanganye kwamba anaweza. Mlima Kitonga ukiwa na tani 56 unapanda taratibu mpaka utingo anashuka kununua mahindi anakukuta palepale. Natania, lakini siyo sana. Kushuka ndiko kubaya zaidi. Breki za tela zote mbili zikaguliwe na fundi anayezijua, siyo yule wa gereji ya jirani.

Tela_Mbili

Mbona rahisi mkuu. Ukifika mwisho wa lami unaikata. Tela ya nyuma unaiacha imesimama kwa miguu yake, unaingia na ya mbele, unapakia, unatoka, unabadilishana. Zile tela zote zinafungika kwenye hosi.

Injinia Kalavati

Kuikata kunasaidia kwenye kona na kwenye uwanja. Darajani hakusaidii. Hosi na tela moja ya ekseli mbili ikijaa kisheria ni 8 na 18 na 18, tani 44. Bango linasema 15. Hata hiyo semi yake ya sasa ni zaidi ya mara tatu.

Watu wanachanganya vitu viwili. Lami inaumizwa na uzito wa kila ekseli, na inaumia kwa kasi ya ajabu: ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, uharibifu unakuwa kama mara mbili, siyo asilimia 20. Ndiyo maana gari yenye ekseli nyingi inaweza kubeba zaidi na bado ikaionea lami huruma. Daraja lina hesabu yake. Linauliza uzito kiasi gani umekaa juu yangu kwa wakati mmoja, na umekaa kwa umbali gani. Ukiongeza ekseli wakati jumla nayo inapanda, daraja halishukuru.

Na "zege linaonekana zima" siyo kipimo. Nondo huzioni, na maji yanachimba chini ya nguzo bila kukuambia. Waliopita usiku hawajathibitisha kwamba daraja linahimili. Kila mmoja amelipunguzia maisha kidogo, wa mwisho ndiye atakayelipia.

Afrika Kusini walipoanza majaribio ya malori makubwa kuliko sheria ya kawaida, mwaka 2007, walianza na malori ya miti huko KwaZulu-Natal. Lakini kibali kilikuwa cha gari fulani kwenye njia fulani, na madaraja ya njia hiyo yalipigiwa hesabu kwanza.

Mswahili wa Brisbane

Huku Australia niko kwenye B-double (ndiyo intalinki ya huku), ekseli 9, tani 62.5. Watu wa nyumbani wakisikia wanadhani tunapita popote. Wapi! Kuna ramani ya barabara zilizoruhusiwa, ukitoka nje ya mstari unaomba kibali, na halmashauri yenye ile barabara lazima ikubali. Nimewahi kushusha mzigo kilomita 4 kabla ya ghala kwa sababu ya kadaraja kamoja kadogo.

Dada Lojistiki

Barabara ya kiwandani ni ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), siyo TANROADS wa barabara kuu. Nenda ofisi ya wilaya na mteja wako, siyo peke yako. Mwenye kiwanda anayelipa kodi pale anasikilizwa kuliko mwenye lori moja. Ombeni daraja lipimwe. Likihimili zaidi, bango libadilishwe kwa maandishi. Lisipohimili, mtajua ni kuimarisha au kujenga jipya, na nani anachangia nini.

Mbao_Mbichi

Asanteni wote. Nimerudi baada ya siku tatu.

Mbao ni mbichi, Dada amenikamata. Nimeongea na mteja, kumbe ana mpango wa tanuru la kukaushia, ila vyuma vyake bado. TARURA tumepeleka barua ya pamoja, wamesema mhandisi atakuja masika yakiisha. Bima nao niliwapigia nikauliza tu, kama gari ikizama kwenye daraja lenye bango la 15 wanalipa? Yule binti alicheka.

Kwa sasa Fuso ziendelee, nami nabaki na semi. Nimemwambia muuzaji anisubiri mpaka tanuru liwake, kanijibu kuna mtu wa Tunduma anazitaka kesho.

Babu wa Vigwaza

Huyo mtu wa Tunduma ananunua kila tela nchi hii. Mwache.

Tela_Mbili

Mkuu, hizo tela anauza bei gani? Niko Makambako, mimi nabeba magodoro.